Siku kumi ng'ambo ya daraja la Sabaki, na nyumba ya bibi

Siku ya 1, Jumatatu

Nimepanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mombasa, Malindi nikashukia, hapo nikachukua boda mpaka ng'ambo ya daraja la Sabaki, njia ya kwenda Mambrui. Mto umepungua sana manake ni Januari, kaskazi yavuma na mvua hakuna, lakini rangi yake ni ile ile ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Naandika usiku huu na taa ya simu, nimechoka kwa safari tu, kazi yenyewe hata haijaanza.

Habari yenyewe ni hivi. Nyumba ya bibi iliangushwa na mvua za mwisho wa 2023, zile za El Nino. Haikuanguka yote, ni chumba chake cha kulala na ukuta wa nyuma, yeye alikuwa jikoni wakati huo, alhamdulillahi. Tangu siku ile analala kwa mjomba na kila asubuhi anatembea kwenda kukaa chini ya muembe wake kuangalia nyumba yake, mwaka mzima sasa. Familia tumefanya vikao kwa simu sijui mara ngapi, kila mtu asema tumjengee ya mawe, alafu ikipigwa hesabu ya mawe na simiti na kokoto na fundi, simu yote inakuwa kimya. Na bibi mwenyewe ya mawe na bati haitaki, asema mchana ni tanuri ile. Mjomba, kakake mama, amejenga nyumba za udongo tangu ujana wake, ndo akanambia we chukua likizo yako uje, pesa si nyingi zinotakikana, lete mikono.

Nlidhani tutaanza na chai. Hakunipa hata maji, akanishika mkono moja kwa moja mpaka kwenye gofu la nyumba. Akanambia, "Ukuta wa mbele umesimama, wa nyuma umelala. Kwa nini?"

Nikamwambia mvua.

"Mvua ilinyesha kote, mpwa wangu. Hata huku mbele ilinyesha."

Akaniacha hapo akaenda zake. Nikazunguka ile nyumba kama mtu aliyepoteza kitu. Nikaona kwanza ardhi ya nyuma imeinama, maji ya njia yote yanashuka hapo hapo ukutani. Nikaona makuti ya nyuma yamekuwa mafupi kwa kuoza, maana yake maji yalikuwa yakidondokea chini ya ukuta na kurukia. Alafu nikaokota bonge la plasta ya simiti lililobanduka, gumu kama sahani, na upande wake wa ndani msafi kabisa, hakuna hata udongo ulioshika. Ukuta uliokuwa nyuma yake ndo ulikuwa umekwisha, ukiutia kidole unaingia, mwaka mmoja baadae bado uko hivo.

Ile plasta ya simiti ni mimi. Mwaka wa 2021 nlipopata kazi, pesa yangu ya kwanza ya maana nlituma nyumba ya bibi ipigwe plasta nje, ipendeze, idumu. Nlitumiwa picha nikaiweka kila mahali. Sikuweza kunywa chai ilipokuja.

Siku ya 2, Jumanne

Usiku mjomba alinieleza bila ya kunilaumu, alieleza tu kama aelezavyo mambo ya kazi. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka chini na kutoka hewani na huutoa tena, mchana jua likiwaka unakauka. Ukiuvika simiti umeufunga pumzi. Simiti haikosi ufa, maji yanaingia kwa ule ufa na hayana pa kutokea, yanakaa humo ndani yakilainisha udongo polepole, na wewe kwa nje unaona ukuta mzuri mweupe. Ndo maana ukuta wa mbele ambao pesa yangu haikufika (pesa iliisha kwenye kuta za nyuma na ubavuni) ndo uliosimama.

Basi leo ni siku ya udongo. Nlikuja na elimu yangu ya kusoma, nikamwambia mjomba kuna kipimo cha chupa, akasema haya fanya chako nami nafanya changu tuone. Tukachukua udongo sehemu tatu: kingo za mto, shimo la nyuma ya shamba, na kichuguu kikubwa cha mchwa karibu na mikorosho.

Changu ni hivi: chupa ya jemu yenye kifuniko, udongo mpaka thuluthi, maji yajaze, chumvi kidogo, tikisa kweli kweli alafu weka mahali pasiposhtushwa. Mchanga unakaa chini papo hapo, juu yake lile vumbi laini linafuata, na udongo wa mfinyanzi unabaki ukielea majini masaa mengi, pengine mpaka kesho. Ukishatulia unaona matabaka kama keki.

Chake: alichukua udongo kidogo akausugua kwa vidole karibu na sikio akasikiliza. Alafu akautia kwenye meno. Mchanga unakwaruza, ule wa vumbi unakwaruza kidogo tu, mfinyanzi ni laini na unanata. Alafu akaukanda na maji akanawa mikono. Wa mtoni ulitoka kwa maji mara moja. Wa shimoni ulikataa, akasugua na sugua na bado kucha nyekundu. Akasema, "Usotaka kuondoka mkononi ndo ukaao ukutani."

Mimi nlikuwa na uhakika wa mtoni ndo bora manake ni mwekundu, mwingi, na bure. Mto huu huko juu huitwa Galana, na juu zaidi ni Athi inayotoka upande wa Nairobi, yaani nchi nzima inashuka ikileta udongo wake hapa, na mvua ikinyesha bahari yote ya Malindi hugeuka rangi. Kumbe mto huleta vumbi laini kwa wingi kuliko mfinyanzi, na vumbi laini halishiki kitu. Chupa yangu ilisema maneno yale yale ya meno ya mjomba, tabaka la katikati lilikuwa karibu udongo wote.

Jioni tukafanya kipimo cha kijiti. Unakanda udongo kama kijiti cha unene wa dole gumba, unausukuma polepole utokeze ukingo wa meza mpaka ukatike wenyewe, unapima kile kipande. Chini ya sm 5 mchanga ni mwingi, zaidi ya sm 15 mfinyanzi ni mwingi na ukuta utapasuka ukikauka. Wa mtoni ulikatika sm 3. Wa shimoni 17. Kichuguu hata sikupima mara ya pili, ulining'inia kama nyoka. Kwa hivo tumeamua wa shimoni na mchanga, na kichuguu tutakiacha kwa kazi ya sakafu. Mchanga wa bahari mjomba hataki hata kuusikia, una chumvi na chumvi huvuta maji, mwaka haupiti ukuta unatoka jasho na kumenyeka.

Kabla ya maghribi tukapiga vitofali vinne vya majaribio, kila kimoja na mchanga wake tofauti, nikavichora alama na msumari, nikavianika kivulini. Si juani, jua huvikausha nje kabla ya ndani vikapasuka bure.

Siku ya 3, Jumatano

Leo mgongo. Tumechimba.

Nyumba ya zamani fito zake ziliingia ardhini moja kwa moja, udongo ukaanzia chini kabisa, na hapo ndo ugonjwa ulipoanzia hata kabla ya simiti yangu. Mara hii mjomba anataka miguu ya mawe. Tumekusanya vifusi vya matumbawe, vile vipande vinavyobaki machimboni mawe yakikatwa, tukavipanga kuzunguka chumba chote urefu wa goti, kama sm 40 hivi, na kuviunga kwa chokaa na mchanga. Chokaa mjomba alikuwa ameshailoweka kwenye pipa wiki kadhaa kabla sijaja, imekuwa laini kama siagi. Asema zamani wakiichoma wenyewe kwa matumbawe na magogo, tanuu likiwaka usiku mzima na watu wakilinda moto. Chokaa huiva kwenye joto la kama digrii 900 na simiti yahitaji 1450, na chokaa ikikaa ukutani huendelea kuvuta hewa na kurudi kuwa jiwe taratibu. Na yapumua. Hiyo ndo nimeitia mstari.

Nguzo ni za mivinje. Nlitarajia boriti za mikoko kama za nyumba za zamani, mjomba akasema hizo siku hizi bei na vibali, na mikoko ni afadhali ibaki baharini samaki wazae. Mvinje watu wanapanda mashambani huku kote kama mahindi, miaka michache tu umenyooka. Ubaya wake mchwa waupenda. Kwa hivo ncha za chini tumezichoma kwa moto mpaka zikawa nyeusi, tukazipaka oili chafu, ndo zikaingia shimoni. Mashimo ya sm 60, kumi na nne, chumba cha mita 3 na nusu kwa 3. Nimechimba manne. Mengine vijana wawili wa jirani, Mungu awape.

Nyuma tumechimba mfereji wa kuyageuza maji ya njia yaende kwenye migomba. Jembe mbili tatu tu kwa kweli, nusu ya siku. Niliusimamia ule mfereji nikafikiria nusu ya siku kama hii ingefanywa 2021 badala ya mifuko ya simiti.

Siku ya 4, Alhamisi

Fito. Fito fito fito. Kamba ya makumbi inakata vidole.

Unafunga fito za kulala ndani na nje ya nguzo, nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine, ukuta unakuwa kama tenga lenye tumbo tupu, na hilo tumbo ndo litalishwa udongo. Mjomba anavuta kila fundo nililofunga. Yakilegea anayafungua bila kusema, nafunga tena. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimelala saa mbili.

Siku ya 5, Ijumaa

Mjomba na vijana wameenda Mambrui kuswali na kazi imesimama, akanambia nenda Gede ukaone nyumba za wenyewe. Kutoka Malindi ni kilomita kama 16, matatu za Mombasa zinakushusha kituoni unatembea kidogo.

Nlienda Gede, yale magofu ya mji wa kale, nikiwa darasa la sita, tulikimbia kimbia tu tukaangalia nyani. Leo nimeingia na macho mengine. Mji ule ulikuwa na watu karne nyingi, kuna kaburi limeandikwa tarehe 802 Hijria, yaani 1399, kuna msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo ambavyo kwa kweli vimefikiriwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua 1948, na mwaka wa 2024 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Vyote vile ni matumbawe na chokaa. Nimeshika kuta zile nikaona kwa jicho langu ile plasta ya chokaa bado imeshika sehemu, miaka mia sita na mti umeota juu yake.

Lakini kilichonikalia moyoni ni kile kisichokuwepo. Wakubwa wa mji ndo walikaa kwenye mawe, watu wengi wa Gede walikaa nyumba za udongo na makuti, na zile hazipo. Unatembea baina ya kasri na ukuta wa mji unaona msitu tu na majani makavu, na pale palikuwa na majirani, na majiko, na watoto wakiitwa waje kuoga. Nyumba zao zimerudi kuwa ardhi, hazikuacha hata kifusi cha kumkwaza mtu. Nimekaa pale chini muda mrefu. Watu wakipita waniona mimi naangalia miti.

Narudi jioni, vitofali vyangu vimetoa majibu. Cha udongo mtupu kimepasuka katikati kabisa, nyufa naingiza shilingi. Cha udongo mbili mchanga moja kina nyufa nyembamba. Cha mchanga mbili udongo moja ni kizima, kigumu, nimekiangusha kutoka kifuani kikakatika pembe tu. Cha mchanga mwingi zaidi kimekuwa biskuti. Mjomba alipokuja nikamuonesha, akakiokota kile kizima akakigonga kwa ukucha karibu na sikio, akasema, "Hiki." Tena akasema angenambia tangu Jumanne ila nisingelijua.

Siku ya 6, Jumamosi

Paa linapanda kabla ya kuta, kama kawaida ya nyumba za huku, ili udongo ukauke kivulini na mvua ya ghafla isiharibu kazi. Miti ya paa kwanza, yaani mwamba, makombamoyo, pau, alafu makuti. Makuti ameshona shangazi na mabinti zake, mimi nilikuwa wa kurusha tu kutoka chini, juu walipanda wanaojua.

Jambo moja la kuandika: upenu. Wa zamani ulikuwa mfupi. Mara hii mjomba ameutoa dhiraa moja na nusu nje ya ukuta pande zote, karibu sm 70, na nyuma zaidi. Ukisimama ukutani huoni mbingu. Mawe chini, upenu juu, alisema, sasa katikati weka hata uji utakaa.

Siku ya 7, Jumapili

Sijui nianzie wapi leo.

Walianza kuja baada ya alfajiri, kina mama wa mtaa, wengine sijawaona tangu utoto. Shangazi alikuwa amewaalika kwa mdomo tu, leo ni kwa bibi, basi. Mmoja kaja na sufuria la mbaazi, mwingine mahamri, mwingine na mtoto mgongoni na jerikeni mbili. Hakuna aliyeuliza malipo, ila najua mimi pia nimeshawekwa kwenye deni hilo na ni deni zuri.

Mimi nimevaa gambuti zangu mpya za Mombasa. Bi mmoja mzee kaniangalia chini kanambia, "Mama, udongo utakwambiaje kitu na umevaa hivo?" Nikavua.

Tumemwaga udongo wa shimoni uliolala na maji tangu jana, kwenye turubali, karai moja ya udongo kwa mbili za mchanga, alafu tukaingia na miguu. Mwanzo ni baridi na unateleza, unashikana mabega na mwenzio. Unakanyaga kwa kisigino, unazunguka, mtu anavuta turubali upande mmoja udongo unajikunja kama chapati, unaingia tena. Baada ya muda unaanza kusikia tofauti chini ya unyayo, vile vibonge vya mfinyanzi vinapotea kimoja kimoja, mchanga unakwaruza kila mahali sawa sawa, na udongo unaanza kukushika mguu haukuachi. Hapo ndo nyasi kavu zilizokatwa fupi zinanyunyizwa, kidogo kidogo, unakanyaga tena. Nyasi ndo mishipa, ukuta ukikauka na kujivuta nyasi zinaushikilia usipasuke. Waliimba muda wote. Nyimbo zingine kigiriama sikushika maneno ila kibwagizo nlikishika na mpaka saa hii kiko kichwani.

Alafu kukandika. Wawili wawili, mmoja ndani mmoja nje, mnakabiliana. Unachukua bonge la kujaa viganja viwili, mnahesabu, mnasukuma pamoja, udongo unakutana katikati ya fito na unasikia mkono wa mwenzio upande wa pili. Huyo niliyekuwa nae simjui jina, sikuuona uso wake saa nzima, nasikia tu kiganja chake kikinisukuma kupitia ukuta na mimi namsukuma. Ukisukuma peke yako udongo unapita unaanguka upande wa pili. Nimeshindwa kueleza zaidi ya hapo.

Mpaka adhuhuri kuta mbili zimejaa. Walipoondoka nilinawa kisimani, maji yale yakawa mekundu na mikono bado myekundu.

Siku ya 8, Jumatatu

Kuta mbili zilizobaki, watu wachache zaidi, mwili wote unauma mpaka nyusi.

Bibi leo alikuja kutoka chini ya muembe. Hakuja kutazama. Alimega udongo, akaufinya, akausogeza kwa dole gumba, akamwambia mjomba (mwanawe, fundi wa miaka hamsini), "Bado. Maji mengi." Mjomba akaongeza mchanga na udongo mkavu bila kujibu neno. Kisha bibi akakaa kwenye kigoda, akakandika kipande cha chini cha mlango, mahali mkono wake unapofika, na kipande kile ukikiangalia sasa hivi unakitambua, ni laini kama kimepigwa mwiko na hakutumia mwiko.

Kuna kijana mmoja mpita njia alisimama na pikipiki yake akauliza kwani hamna pesa ya bloku. Hakuuliza kwa ubaya. Nikaona hata mimi miaka mitatu nyuma ningeuliza vile vile, manake tumefundishwa nyumba ya udongo ni nyumba ya mtu ambae bado hajajenga. Nikamuita ndani. Saa saba hiyo, nje jua linachoma, akaingia akasimama katikati ya chumba chenye kuta mbichi akanyamaza, akavua kofia. Akasema "khaa". Akaondoka, lakini aliwacha kofia mkononi muda.

Jioni nikamuuliza bibi nililoogopa kuuliza wiki nzima. Nikamwambia bibi, ile plasta ya simiti, wewe ulijua? Wewe ulokandika nyumba za mtaa mzima?

Akasema alijua.

Mbona hukunambia?

"Ulituma pesa yako ya kwanza kwa mapenzi. Ntakwambia nini mimi, mjukuu wangu, zirudishe?"

Nikalala chini, kichwa kwenye miguu yake, udongo na yote. Hatukuongea zaidi. Ila leo naandika wazi ili wenzangu wote wanaotuma pesa nyumbani wajue, kabla hujatuma mifuko ya simiti muulize kwanza mwenye kuijua nyumba, muulize mara tatu, na umwambie kabisa kwamba hutokasirika. Wazee wetu hawatatukatalia.

Siku ya 9, Jumanne

Udongo uliobaki tumeufanya baraza. Kando ya ukuta wa mbele, juu ya mawe, upana wa mtu kukaa akaegemea, chini ya upenu. Inapendeza na pia inakuwa kama kiatu cha ukuta, maji yakirukia yanakutana na baraza kwanza, na baraza kulikarabati ni kazi ya asubuhi moja.

Alafu sakafu. Kichuguu kikapondwa, kikachekechwa, kikakandwa na mavi ya ng'ombe mabichi na maji, tukapaka kwa viganja kuanzia kona ya mbali kurudi mlangoni. Harufu ni ya siku moja tu, wanasema. Mavi yana nyuzi laini za majani na utelezi fulani unaoshikamanisha udongo na kuufanya usitoe vumbi. Nilidhani ntasita kutia mkono. Sikusita, baada ya siku nane hizi mkono wangu haubagui tena.

Saa kumi bibi akaingia akasema kidaka kiko wapi. Hakuna aliyekumbuka kidaka! Alikuwa na kidaka chake, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kwenye nyumba ya zamani, pembeni ya kitanda, cha msahafu na dawa za presha na ile saa yake ya mezani. Mjomba akachukua panga, ukuta bado mbichi, akachora mraba, akapima kwa kiganja chake, akakata polepole baina ya fito mbili, nami nikalainisha pembe kwa vidole na maji. Bibi akasimamia. Juu kidogo. Haya. Basi.

Siku ya 10, Jumatano

Narudi Mombasa leo, kesho kazini. Kuta bado nyeusi kwa maji, zinaanza kubadilika rangi juu karibu na upenu. Kona ya dirisha imetoka ufa mwembamba, moyo ukanipasuka, mjomba kautia maji akausugua kwa jiwe laini ukafunga, asema nyingine zitatoka na hiyo ndo kazi yake wiki hizi mbili tatu. Zikishatulia tutapaka mkono wa pili, mwembamba, udongo uliochekechwa na mavi kidogo, alafu kuta za nje chokaa, tabaka mbili tatu nyembamba, kabla masika hayajaingia. Yaani mwisho wa Machi niwe hapa. Na baada ya hapo kila mwaka kabla ya mvua, kuangalia makuti, kusafisha mfereji, kuziba nyufa. Nimeshaomba ruhusa kazini kwa meseji hata kabla sijafika.

Kwenye begi nimebeba kile kitofali kizima cha majaribio, nimekifunga na kanga.

Matatu imefika Kilifi, simu imelia, mjomba katuma picha. Chumba kitupu, hakuna kitanda wala mkeka, mjomba alimwambia mpaka wiki tatu hakuna kuweka kitu ndani, na ndani ya kidaka saa ya bibi imeshakaa, inaonesha saa nane kasoro.